Mama analima bila dawa, nani atamlipa?

Wandugu, mama yangu analima maharagi na viazi huku Masisi kwa mavi ya ngombe tu. Si kwa kupenda, mbolea ya duka ni bei kali. Walikale nako, mihogo inakua hivyo hivyo. Chuoni nikasoma kwamba tangu 1992 Ulaya ina sheria ya kuwalipa wakulima wanaolima bila dawa za viwandani. Nikacheka: basi Leta ina deni la mama!

Lakini Leta ilishagawa mali ya mashamba. Julai 1973 sheria ilifanya udongo wote kuwa wa Leta. Novemba, Mobutu akatangaza kunyang'anya wageni mashamba yao. Hapa Masisi, plantesheni za wazungu zilienda kwa wakubwa wa siasa na biashara. Mkulima mdogo alibaki bila karatasi, hata ya shamba la babu yake.

Sheria ya kilimo ya 24 Desemba 2011 imeweka mfuko wa taifa wa kuendeleza kilimo. Nilipomuuliza mama kuhusu huo mfuko, alidhani nasema mifuko ya maharagi. Na hata ukimfikia, ataonyesha karatasi gani? Mpaka wa shamba lake ni mti mmoja na jiwe.