Mabaragumu ya Mengo kwenye Utepe

Novemba 1953, katika ukumbi wa Kingsway jijini London, Dennis Brain alirekodi konseto nne za pembe za Mozart pamoja na okestra ya Philharmonia, Herbert von Karajan akiiongoza. Wapenzi wa muziki huo wanaisikiliza rekodi ile hadi leo. Mwezi haujaisha, tarehe 30, Andrew Cohen, gavana wa Kiingereza wa Uganda, alimwondoa kwa nguvu Kabaka Mutesa wa Pili, mfalme wa Buganda, na kumpeleka uhamishoni Uingereza. Miaka hiyohiyo Kampala nako mabaragumu yalikuwa yakirekodiwa: amakondere, yaani mabaragumu ya vibuyu ya kasri la Kabaka huko Mengo. Rekodi hizo hazikupata mnunuzi dukani wala hazikutafuta.

Aliyezishughulikia zaidi alikuwa Klaus Wachsmann, mzaliwa wa Berlin wa mwaka 1907. Sheria za Wanazi zilimfungia milango ya chuo kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi. Akamalizia udaktari wake Uswisi, na mwaka 1937 akafika Uganda kufanya kazi na wamisionari. Kuanzia 1948 aliongoza Jumba la Makumbusho la Uganda, wakati huo likiwa Makerere, kabla ya kuhamia mwaka 1954 kwenye jengo la Barabara ya Kira lililochorwa na Ernst May. Alizunguka nchi na kinasa sauti, na hakuwa mtu wa kukusanya tu. Mwaka 1950 jarida la Nature lilichapisha vipimo vyake vya kinubi cha Kiganda, akionyesha kwamba ngazi yake ya sauti tano imegawanywa kwa hatua zinazokaribia kulingana. Naye Hugh Tracey, aliyetoka Afrika Kusini, alipita Uganda mwaka 1950 na tena 1952 akiwarekodi wanamuziki wa wafalme wa Buganda, Bunyoro na Ankole.

Ili kuelewa kilichonaswa, turudi kidogo kwa Mozart. Pembe ya zama zake ilikuwa bomba tupu lisilo na vali. Ilitoa sauti chache zilizopangwa na maumbile ya bomba lenyewe, na zilizobaki mpigaji alizitafuta kwa midomo na kwa kuingiza mkono kwenye mdomo mpana wa pembe. Konseto zile aliandikiwa Joseph Leutgeb, rafiki ambaye Mozart alimtania hata ndani ya maandishi ya muziki wenyewe. Utamu wote uko katika mtu mmoja anayeshindana na chombo kibishi huku wengine wakimsindikiza.

Mengo tatizo lilikuwa lilelile, jibu likawa jingine. Baragumu la kibuyu, linalopulizwa ubavuni, hutoa sauti moja. Basi sauti ziligawiwa watu: huyu ana hii, yule ana ile, kila mmoja anaingia pale tu wimbo unapoifikia sauti yake, kisha ananyamaza. Watano au zaidi, ngoma zikiwa chini yao, wanausuka wimbo ambao hakuna hata mmoja wao anayeupiga. Msomaji wa Lamu atakumbuka siwa, pembe moja yenye kutangaza enzi kwa sauti nzito. Amakondere nayo yalitangaza enzi, ila yalifanya hivyo kwa nyimbo kamili. Kwangu mimi huo ni ufundi mgumu kuliko wa Leutgeb. Pembe ikimteleza Leutgeb, noti moja inaharibika na konseto inaendelea. Mengo mtu mmoja akichelewa, wimbo unatoboka mahali palepale kila unapozunguka.

Kwa hiyo muziki huu ulihitaji utaratibu wa kuwakusanya watu, na utaratibu huo ulikuwa kasri. Wanamuziki wa Kabaka walitoka vijijini kwa zamu, nao walihusishwa na ardhi na utumishi uliorithiwa: wapigaji wa entenga, zile ngoma kumi na tano zenye kutoa nyimbo, wapigaji wa akadinda, ile marimba kubwa ya magogo, wapuliza filimbi na wapuliza amakondere. Evaristo Muyinda, fundi wa akadinda, alikuwa daraja kati ya pande mbili: alilijua kasri na alifanya kazi pamoja na Wachsmann kwenye makumbusho.

Tarehe 24 Mei 1966 majeshi ya Rais Milton Obote, Idi Amin akiyaongoza, yalilivamia Lubiri, yaani kasri la Mengo. Mutesa, aliyekuwa amesharudi kutoka uhamishoni, alitoroka na mwaka 1969 akafia London, ngoma na ala nyingine ziliharibiwa, vikundi vikatawanyika. Katiba ya 1967 ikafuta falme zote. Wachsmann alikuwa ameshaondoka Uganda muongo mmoja nyuma, na tepe zake zilikuwa zimehifadhiwa London. Ilichukua takriban nusu karne nakala kurudi: mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, kwa juhudi za Profesa Sylvia Nannyonga-Tamusuza, Makerere ilifungua hazina ya sauti yenye jina la Wachsmann.

Hapo ndipo tofauti ya rekodi hizi na ya Brain inapojitokeza. Kijana mwenye pembe anaweza kumfuata Brain hatua kwa hatua, maana sauti yote imetoka kinywani mwa mtu mmoja. Utepe wa amakondere unakupa wimbo uliokwisha kusukwa. Nani alikuwa na sauti gani, nani alimtazama nani, baragumu lipi linatangulia: hayo yamo vichwani mwa wapulizaji, na utepe uliyachanganya yote pamoja.

Busoga wameliona hili waziwazi kupitia bigwala, ndugu wa amakondere. UNESCO ilipouingiza muziki huo mwaka 2012 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, wazee waliobaki wakijua kutengeneza, kupuliza na kuucheza walikuwa wanne. Tena kibuyu chenyewe kilikuwa kimeadimika, kwani falme zilipofutwa wakulima hawakuwa na sababu ya kukipanda. James Isabirye wa Chuo Kikuu cha Kyambogo na wenzake walilazimika kuanzia shambani, mbegu kwanza, ndipo wazee wakawafundisha vijana.

Bunyoro mabaragumu yanasikika kwenye Empango, sherehe ya Omukama, mfalme wa huko, inayofanyika Hoima kila Juni. Buganda ilirudishiwa Kabaka mwaka 1993, Ronald Mutebi alipotawazwa Naggalabi, lakini kiti cha enzi kurudi hakukuwarudisha wapulizaji. Kazi ya haraka, kwa maoni yangu, ni kuwakalisha wazee wachache waliobaki mbele ya tepe za Makerere, wataje sauti moja baada ya nyingine, ya nani na inaingia lini, na mtu aandike.