Kutoka Waya wa Kengele hadi Redio: Historia Fupi ya Kihisi Joto cha Nyumbani

Katika nchi za baridi kali, nyumba isiyopashwa joto ni hatari kwa uhai, hasa wa wazee na watoto wachanga. Kwa hiyo kifaa kidogo kinachopima joto la chumba na kuiamuru boila iwake au izimike kina historia inayofaa kuchunguzwa. Mara nyingi historia hiyo husimuliwa kama safari iliyonyooka: kwanza mkono wa mtu, kisha waya, na hatimaye redio. Insha hii inadai kwamba kuondoa waya hakukumaliza tatizo, bali kulilihamisha. Swali la jinsi habari itakavyofika kwenye boila liligeuka kuwa swali la mahali umeme utakapotoka, na baadaye likawa swali la nani mwenye amri.

Kanuni ya kwanza ilikuwa rahisi. Vipande viwili vya metali tofauti vikiunganishwa, hupinda vinapopata joto kwa sababu kimoja hutanuka kuliko kingine. John Harrison, fundi saa wa Uingereza, aliitumia kanuni hiyo katika saa zake za baharini katika karne ya 18. Mwaka 1830 Andrew Ure wa Scotland alipata hataza ya kifaa cha kudhibiti joto kilichotegemea kupinda huko. Hata hivyo, kipande cha metali kingeweza kuongoza tu kitu kilichokuwa karibu nacho.

Umbali huo ndio uliomsumbua Warren Johnson, mwalimu wa chuo huko Whitewater, jimbo la Wisconsin, Marekani. Mtunza majengo alilazimika kuingia darasa moja baada ya jingine kuangalia joto, kisha kurudi chini kurekebisha moto. Mwaka 1883 Johnson alipata hataza ya kifaa cha umeme kilichopiga kengele kwenye chumba cha boila. Tukitazama vizuri, kifaa hicho hakikudhibiti chochote. Kilipeleka habari tu, na mtu ndiye aliyeamua. Miaka michache baadaye, huko Minneapolis, Albert Butz alimwondoa mtu huyo katikati. Chumba kilipopoa, sakiti ilifunga, mota ikazunguka na kuvuta mnyororo uliofungua kilango cha hewa cha tanuru, na moto wa makaa ukakolea. Mwaka 1953 kampuni ya Honeywell ilitoa themostati ya mviringo iliyosanifiwa na Henry Dreyfuss, yenye metali iliyosokotwa na kichupa cha zebaki. Haikuhitaji betri, na nyingi zilifanya kazi kwa miongo kadhaa.

Kwa nini basi waya uliachwa? Sababu ya kwanza ni bei ya nishati. Baada ya mgogoro wa mafuta wa 1973, kupasha nyumba nzima joto wakati watu wako chumba kimoja kulianza kuonekana ubadhirifu. Februari 1977 Rais Jimmy Carter aliwaomba Wamarekani washushe joto la nyumba zao hadi takriban nyuzi 18 mchana, na chini zaidi usiku. Sababu ya pili ni majengo yenyewe. Nyumba nyingi za Ulaya hupashwa kwa maji ya moto yanayopita kwenye redieta za kila chumba, na kutoboa kuta za mawe ili kupitisha nyaya ni kazi ghali. Mads Clausen wa Denmark alikwisha kubuni vali inayojirekebisha kwa joto la chumba mwaka 1943, lakini vali hiyo haikuweza kuzungumza na boila.

Redio iliweza. Mwaka 2003 kiwango cha 802.15.4 kiliidhinishwa kwa ajili ya vifaa vidogo vya redio visivyotumia umeme mwingi. Hapo ndipo ugumu wa kweli ulipoanza. Tuchukue betri ya kawaida yenye uwezo wa miliampea-saa 2,500. Redio inayotumia miliampea 20 bila kupumzika itaimaliza kwa saa 125, yaani siku tano tu. Msanifu hana budi kukilaza kifaa usingizi: kiamke mara moja kwa dakika, kipime, kitume ujumbe kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha kilale tena. Kikifanya hivyo, betri itadumu miaka. Ujerumani, kampuni ya EnOcean iliyoanzishwa 2001 ilikwenda mbali zaidi kwa kuunda vihisi vinavyojipatia umeme kutokana na mwanga, msukumo wa kidole au tofauti ya joto.

Kuna ugumu mwingine usioonekana haraka. Sakiti yenyewe hutoa joto, na kihisi kikiwekwa karibu na chipu, kitapima joto la chipu badala ya chumba. Mawimbi nayo hupungua yanapopita ukutani, na masafa ya megahezi 868 yanayotumika Ulaya hupenya kuta vizuri kuliko yale ya gigahezi 2.4. Juu ya hayo, ujumbe ukipotea, boila ifanye nini? Ikiendelea kuwaka, itapoteza gesi, na ikizima, mzee wa watu atalala kwenye baridi.

Swali hilo si la kinadharia. Januari 2016 hitilafu ya programu ilimaliza betri za baadhi ya themostati za Nest, ambazo huunganishwa na intaneti, na nyumba zikapoa. Kosa hilo halikutoka ukutani. Lilitoka kwenye programu iliyotumwa kutoka mbali, na wenye nyumba hawakuwa na usemi juu yake. Kichupa cha zebaki kilikuwa na kasoro zake, zikiwemo sumu yake, lakini hakikungoja ruhusa ya mtu aliye mji mwingine.

Huku kwetu karibu na ikweta ni wachache wenye boila nyumbani, lakini tuna mashine za kutotolea vifaranga na majokofu ya chanjo yanayohitaji kupimwa usiku na mchana, mara nyingi mahali ambapo umeme hukatika. Wanafunzi watakaosanifu vihisi vya kazi hizo watakutana na maswali yaleyale. Historia hii inafundisha kwamba kifaa kizuri lazima kijue la kufanya siku betri inapoisha na mtandao unapokatika, na jibu hilo hutafutwa mwanzoni mwa usanifu, kabla ya kuchagua redio.