Kugombea Tena Ujumbe wa Bodi Katika Chemba ya Biashara ya Kimataifa

Mjumbe wa bodi anayemaliza muda wake na kutaka kurudi huenda kwa wanachama akiwa na faida moja: jina lake linajulikana. Wanachama nao wana faida yao. Mgombea mpya huleta ahadi, lakini anayerudi ana kazi aliyokwisha kuifanya, nayo inaweza kupimwa. Makala haya yanaeleza jinsi uchaguzi wa namna hii unavyokwenda, nani ana kura, na mambo ambayo mfanyabiashara au msafirishaji anapaswa kuyaangalia kabla ya kumrudisha mtu kwenye kiti.

Chemba zenyewe

Kubwa kuliko zote ni Chemba ya Kimataifa ya Biashara (ICC), iliyoanzishwa mwaka 1919 na yenye makao yake Paris, Ufaransa. Kwa Afrika Mashariki lipo Baraza la Biashara la Afrika Mashariki (EABC), lililoanzishwa mwaka 1997, makao yake Arusha. Zipo pia chemba za nchi mbili mbili, zinazokusanya wafanyabiashara wa nchi moja na wenzao wa nchi nyingine. Chini ya hizo ziko chemba za kitaifa, kama TCCIA ya Tanzania na KNCCI ya Kenya.

Kwa nini bodi ina uzito

Wafanyabiashara wengi huona uchaguzi wa bodi kuwa ni mambo ya wakubwa hotelini. Lakini yanayoamuliwa na vyombo hivi hufika mpaka kwenye mkataba wa mzigo. Masharti ya Incoterms yalitolewa na ICC kwa mara ya kwanza mwaka 1936, na toleo la 2020 lilianza kutumika Januari 1 mwaka huo. Kanuni za barua za dhamana za benki, UCP 600, zilianza Julai 1, 2007, nazo zinaipa benki siku 5 za kazi, zisizozidi hapo, kukagua nyaraka.

Mfano mmoja unatosha. Mwuzaji wa kahawa au korosho aliye mbali na bandari anaweza kuuza kwa masharti ya FCA, akakabidhi mzigo kwa msafirishaji bara. Benki ya mnunuzi nayo inataka hati ya shehena inayoonyesha kuwa mzigo umekwisha kupakiwa melini, na mwuzaji hana hati hiyo. Toleo la 2020 liliweka njia: pande mbili zikikubaliana, mnunuzi humwagiza mwenye meli ampe mwuzaji hati hiyo. Marekebisho kama haya hayaji yenyewe. Hutokana na watu waliopeleka malalamiko ya wanachama wao kwenye kamati.

Hapa Afrika Mashariki mambo ni yale yale kwa sura nyingine: uzito wa malori, ambao sheria ya Jumuiya imeuwekea kikomo cha tani 56, cheti rahisi cha uasilia kwa bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, na vikwazo visivyo vya ushuru, vilivyotungiwa sheria ya Jumuiya mwaka 2017. Kwenye mazungumzo ya mambo haya, anayekaa upande wa wafanyabiashara mara nyingi ni mtu aliyetumwa na chemba.

Nani anapiga kura

Hapa ndipo wengi hukosea. Mwenye malori matatu Mwanza au Busia hapigi kura ya kuchagua bodi ya ICC. Chombo cha juu cha ICC ni Baraza Kuu la Dunia, ambalo wajumbe wake hutumwa na kamati za kitaifa. Baraza hilo ndilo linalomchagua mwenyekiti kwa muhula wa miaka 2, na ndilo linalochagua wajumbe wa bodi ya utendaji. Katika mabaraza ya kanda, kura huwa mikononi mwa vyama na makampuni yaliyo wanachama.

Kwa hiyo sauti ya mfanyabiashara mdogo hupitia chama chake cha nyumbani. Asiyehudhuria mkutano mkuu wa wilaya au mkoa hana njia ya kumfikia mjumbe wa juu. Anayetaka mjumbe fulani arudi, au asirudi, aanzie hapo.

Masharti ya kurudi

Katiba za chemba hutofautiana, lakini mambo ya kusoma ni haya:

- Muhula ni wa miaka mingapi, na mtu anaruhusiwa mihula mingapi mfululizo.
- Kama viti vimegawanywa kwa nchi au kwa sekta. Mjumbe anaweza kuwa amefanya kazi nzuri na bado kiti kikawa ni zamu ya nchi nyingine.
- Nani anapendekeza jina, na mwisho wa kupokea majina ni lini.
- Kama kampuni au chama cha mgombea kimelipa ada. Mara nyingi deni la ada humfungia mtu kugombea, na humfungia mwanachama kupiga kura.
- Akidi ya mkutano, na kama mwanachama anaweza kumtuma mwingine ampigie kura kwa barua.
- Kama mjumbe bado yuko katika kazi iliyompa kiti. Aliyeingia kwa niaba ya chama fulani kisha akakiacha, hana tena wa kumwakilisha.

Maswali ya kumwuliza anayerudi

La kwanza ni mahudhurio. Kumbukumbu za vikao huonyesha nani alikuwepo, na mwanachama ana haki ya kuuliza.

La pili ni taarifa. Mjumbe aliyekaa muhula mzima bila kurudi kuwaeleza waliomtuma, hata kwa barua moja, huenda alijiwakilisha mwenyewe.

La tatu ni jambo alilolifuatilia mpaka mwisho. Kusema "tulijadili vikwazo vya mpakani" hakutoshi. Kikwazo kipi, mpaka upi, kilipelekwa kwa nani, na sasa malori yanapita?

La nne ni mgongano wa maslahi. Mjumbe mwenye kampuni ya uwakala wa forodha anayezungumzia ada za uwakala, au mwenye malori makubwa anayezungumzia mizani, anaweza kuwa na ujuzi ambao wengine hawana. Lakini lazima aseme wazi alichonacho, na akae pembeni inapopigwa kura inayomgusa.

La tano ni fedha: nani alilipia safari zake, na hesabu zilizokaguliwa zilisomwa mkutanoni au la.

Kumrudisha au kubadilisha

Mjumbe mzoefu anawajua maofisa, anajua faili liko meza ipi, na mazungumzo ya mipakani huchukua miaka. Kumbadilisha katikati kunaweza kuwarudisha wanachama mwanzo. Kwa upande mwingine, anayekaa sana huzoeana na wale aliotumwa kubishana nao. Ndiyo sababu katiba nyingi hubadilisha sehemu tu ya bodi kwa wakati mmoja, ili uzoefu ubaki na damu mpya iingie.

Mambo ya kufanya mapema

Mwanachama alipe ada kabla ya orodha ya wapiga kura kufungwa na atunze stakabadhi. Aombe nakala ya katiba na ajenda. Maswali ayapeleke kwa maandishi kwa katibu, yaingie kwenye kumbukumbu. Na baada ya kura, mjumbe aliyeshinda aandikiwe mambo mawili au matatu ambayo wanachama wanataka ayafanye, pamoja na tarehe ya kutoa taarifa. Karatasi hiyo ndiyo itakayosomwa siku atakapokuja kuomba tena.