Pwani Vijijini: Kiti cha Ubunge Kilichofutwa Upesi

Ronge, ambayo leo ni wadi ya eneo bunge la Mwatate katika kaunti ya Taita Taveta, iliwahi kuwa chini ya jimbo la uchaguzi lililoitwa Pwani Vijijini, ambalo liliundwa mwaka 1958 na kutoweka katika uchaguzi wa 1961.

Mwaka mmoja kabla ya kuundwa kwake, Machi 1957, Waafrika wa Kenya walichagua kwa mara ya kwanza wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria, yaani bunge la kikoloni, ambamo hapo awali wajumbe wao, kama James Jeremiah wa Taita, waliingia kwa kuteuliwa. Viti vilikuwa 8 tu, na mkoa mzima wa Pwani ulipata kimoja, kilichonyakuliwa na Ronald Ngala. Kura yenyewe ilikuwa ya masharti: ilitolewa kwa kupima elimu, kipato, mali au utumishi wa miaka mingi, na mwenye sifa kadhaa aliruhusiwa hadi kura 3, hata ikawezekana mwalimu awe nazo zote ilhali mkulima jirani yake hana hata moja.

Wajumbe hao 8 walikataa uwaziri na kudai viti zaidi, ndipo Alan Lennox-Boyd, waziri wa makoloni wa Uingereza, alipoongeza 6. Mombasa ikatengwa na kumpata Francis Khamisi kama mjumbe wake. Sehemu iliyobaki ya mkoa, kuanzia Lamu na Kwale hadi milima ya Taita, ikawa Pwani Vijijini, mikononi mwa Ngala. Yeye hakuwa mgeni Taita, kwa kuwa aliwahi kuongoza shule ya Mbale, lakini jimbo lilimzidi mtu yeyote. Zaidi ya hayo, tangu 1955 serikali iliruhusu Waafrika vyama vya wilaya tu, hivyo mjumbe aliyewakilisha wilaya kadhaa hakuweza kuwa na chama kimoja halali cha kuziunganisha. Huo ndio uliokuwa udhaifu wa jimbo hilo, mkubwa kuliko hata ukubwa wa eneo.

Mkutano wa katiba wa Lancaster House wa mwanzoni mwa 1960 uliweka viti 33 vya wazi, vilivyogombewa bila kujali rangi, na mpango wa zamani ukafa. Kufutwa kwa Pwani Vijijini kulikuwa haki kwa watu wa milimani, waliokuwa wamefungwa katika kiti kimoja na watu wa mwambao wenye mahitaji tofauti kabisa. Taita Taveta peke yake sasa ina maeneo bunge 4: Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta.