Tabaka na kura ya maoni kuhusu talaka, Nairobi

Kenya haijawahi kupigia talaka pekee kura ya maoni, kama ilivyofanya Ireland mwaka 1995, ambako walioiunga mkono walishinda kwa kura 9,114 tu. Suala hilo lilifika debeni likiwa ndani ya katiba nzima, tarehe 4 Agosti 2010. Ibara ya 45 iliwapa mume na mke haki sawa wanapooana, wakiwa katika ndoa na inapovunjika. Ya 170 ikahifadhi mahakama za Kadhi, zinazoamua ndoa na talaka za Waislamu. Makanisa mengi yalipinga mahakama hizo na kipengele cha uavyaji mimba. Haki za ndoa hazikujadiliwa ipasavyo, na hilo lasikitisha.

Nairobi ilikubali katiba hiyo. Ni vigumu kusoma tabaka katika matokeo hayo: eneobunge la Lang'ata lilijumlisha majumba ya Karen na vibanda vya Kibera, nalo la Westlands likachanganya Kitisuru na Kangemi. Siasa ilivuta zaidi. Katika kura ya maoni ya 2005 kuhusu rasimu ya katiba, Raila Odinga, mbunge wa Lang'ata, alikuwa kinara wa kambi ya "La", na Nairobi ikaikataa rasimu hiyo. Mwaka 2010 alisimama na Rais Mwai Kibaki upande wa "Ndiyo". Tabaka hujitokeza wazi baadaye, mwanamke asiye na pesa za wakili anapodai fungu lake chini ya Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013.