Spika ya Kushoto

Juzi kati nilipanda daladala ya Bagamoyo pale Makumbusho. Dereva kaweka wimbo ninaoujua toka utotoni, lakini gitaa la solo halimo. Nikadhani ni toleo jingine. Kumbe spika ya kushoto imekufa! Aliyechanganya wimbo ule alilisukuma gitaa lote kushoto, basi tukaenda na nusu ya bendi mpaka Bunju.

Hii habari ya kushoto na kulia ina historia yake. Desemba 1931 Alan Blumlein, mhandisi wa EMI huko London, aliomba hataza ya kurekodi sauti kwa njia mbili. Santuri za stirio zilianza kuuzwa kwa wingi mwaka 1958. Huku kwetu mambo yalikuwa mengine. Hugh Tracey alipopita Tanganyika kurekodi ngoma mwaka 1950, alirekodi kwa mono, na baadaye bendi za Radio Tanzania zilitufikia kwa mono, kupitia redio ya mkulima. Kwenye mono hakuna kushoto wala kulia. Kuna karibu na mbali tu. Mwenye sauti ndogo anasogea kwenye maiki, tarumbeta anarudi nyuma. Kina cha wimbo kilipimwa kwa hatua za miguu.

Hapo ndipo ninapomfikiria Hukwe Zawose, Mgogo aliyehamia Bagamoyo na kufariki huko Desemba 2003. Alitoa *Chibite* mwaka 1996 na *Assembly* mwaka 2002, hii ya pili akiwa na mpiga gitaa Michael Brook, zote kupitia Real World ya Peter Gabriel. Sikiliza *Assembly* kwa hedifoni nzuri: unapata nafasi pana, gitaa na mitambo vikielea huku na huku. Ni kazi nzuri, sibishi. Ila mimi narudi zaidi kwenye ilimba yenyewe. Ilimba kubwa za Kigogo zina vyuma ambavyo vidole havivigusi kabisa. Vinatetemeka vyenyewe jirani zao wanapopigwa. Yaani fundi wa mbao alishaweka mwangwi ndani ya chombo kabla umeme haujafika kijijini.

Na Zawose alikuwa akiimba na kupiga mwenyewe. Ukiiweka sauti yake kulia na zeze yake kushoto, umempasua mtu mmoja vipande viwili. Sasa unapanuaje bila kupasua?

Nilimpelekea swali hili fundi mitambo mmoja pale Bagamoyo, kijana mwenye studio ya chumba kimoja na magodoro ukutani. Akafungua wimbo aliokuwa akiufanyia kazi, ngoma na zeze. Akanionyesha: unanakili zeze, nakala moja kushoto, nyingine kulia, hiyo ya pili unaichelewesha milisekunde 15 hivi. Sikio halisikii vyombo viwili, linasikia kimoja kipana. Helmut Haas alilieleza jambo hili mwaka 1949. Njia ya pili ni kutochelewesha chochote, unageuza tu wimbi la nakala moja juu chini. Zeze ikatanuka mpaka nikahisi imetoka nje ya kuta.

"Sasa subiri, kaka," akasema, akabonyeza mono.

Zeze ikapotea. Si kupungua, kupotea kabisa: mawimbi mawili yaliyopingana yamefutana. Zikabaki ngoma peke yake. Akarudi kwenye ile ya kuchelewesha, akabonyeza tena. Safari hii zeze ikabaki, ila imekonda, kama inapigwa ndani ya pipa.

Kiukweli nilishtuka. Wasikilizaji wake wengi wanatumia simu yenye spika moja, au redio ya bodaboda. Wangepata wimbo wa Kigogo usio na zeze, na wasingejua kama kuna kitu kimepungua.

Alichofanya baadaye ni cha kizamani. Aliiacha zeze moja tu, katikati, pamoja na sauti ya mwimbaji. Wapokeaji akawarudisha nyuma: akapunguza ukali wa sauti zao, akawaongezea mwangwi. Njuga akazipeleka pembeni, kwa kuwa hata zikipotea upande mmoja wimbo unasimama. Tukasikiliza kwa spika kubwa, kisha akachomoa waya, tukasikiliza tena kwa simu yangu.