Hilo Doa Kichwani Si Lazima Liwe Mashilingi

Mwaka niliotoka campo, kinyozi alizima mashine katikati ya kazi. "Boss, uko na mashilingi. Nikikunyoa, utaambukiza wateja." Kibanda kizima kikageuka kuniangalia. Nilivaa kofia miezi sita.

Kumbe ilikuwa alopesia areata: kinga ya mwili wako inashambulia mizizi ya nywele zako. Haiambukizi mtu. Nikaanza kusoma historia yake, na wasee, kinyozi wangu hakuanzisha hii stori.

Karibu miaka 2,000 iliyopita, Celsus wa Roma alishaandika kuhusu upara wa viraka. Neno alopesia lenyewe lina mbweha ndani yake, kwa Kigiriki, juu mbweha mwenye ukurutu hunyonyoka manyoya. Karne ya 18, Mfaransa Sauvages akaupa jina tunalotumia leo.

Shida ilikuja 1843. Huko Paris, David Gruby aliona kuvu kwa hadubini akasema ndiyo inaleta upara huu. Ile kuvu ilikuwa ya mashilingi! Magonjwa mawili yakachanganywa, na madaktari wakabishana miaka mingi kama unaambukiza. Sabouraud alilaumu bakteria. 1902, Jacquet akalaumu meno. Meno, jamani.

Na tofauti inaonekana. Mashilingi huwa na magamba, huwasha, na hushika watoto zaidi. Alopesia areata huacha ngozi laini, safi, mara nyingi duara. Pembeni kuna vinywele vifupi, vyembamba chini na vinene juu, kama alama ya hisi. Daktari wa ngozi aliponiwekea ile lenzi yake yenye taa, aliona pia nukta za manjano na nyeusi. Nyeusi ni nywele zilizokatikia kwa ngozi. Dakika mbili tu, jibu likapatikana.

Nywele zinaweza kurudi zenyewe, na kwa wale waliopoteza nyingi, Marekani iliidhinisha dawa ya baricitinib mwaka 2022.

Simchukii kinyozi. Kama Gruby na hadubini yake alikosea, yeye na macho matupu angejuaje? Lakini angeninong'oneza. Ukiona doa kwa kichwa ya mtu, mvute kando umwambie aende hosi. Usimtangaze.

Doa langu limefunika. Nywele zilirudi nyeupe kwanza. Kofia nilimpa kakangu.